Kichwa Kinapolala

Kokoto zilianza kulia kabla gari halijaonekana. Bibi yangu, Orpha Sedlak, alikisimamisha kikombe cha kahawa karibu na mdomo, akasikiliza.

"Si wa kwetu huyo," akasema. "Mtu wa Wexler analijua shimo la kwa Lindquist, analikwepa kwa kushoto. Huyu kaliingia na magurudumu yote manne. Huyo ni wa Pruitt."

Nilikwenda dirishani. Barabara ilikuwa tupu, imenyooka, na theluji ya mwisho imejikunyata mitaroni.

"Ni karani wa sensa, Bibi. Tuna dakika tano tu. Niache nikikate."

"Ukate nini?"

"Kitanda."

"Anza na hizo nywele zako. Kunguru akiziona atataga."

Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama jikoni kwake na msumeno mkononi, naye alikuwa ameburuta kiti chake cha bembea hadi mlangoni mwa chumba cha kulala, akakaa na blanketi magotini kama askari wa forodha. Ana miaka themanini na tisa na uzito wa nusu gunia la shayiri, na sikuweza kumpita.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kaunti mbili na kitanda kimoja. Mwaka 1886 mpimaji alitumwa aweke mpaka kati ya Wexler na Pruitt. Alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari lake la farasi, akaajiri mtu wa kukaa nyuma na kuhesabu kila kitambaa kinapopita juu. Siku ya tatu yule mhesabuji alipitiwa na usingizi. Alipoamka alitaja namba ya kwanza iliyomjia, na namba hiyo ndiyo inayotutenganisha hadi leo. Matej Sedlak, babu yake babu yangu, akajenga nyumba juu ya mstari ule makusudi. Sherifu wa Pruitt akija na karatasi zake za kudai kodi, Matej alikuwa jikoni, ndani ya Wexler, anakunywa kahawa. Wa Wexler akija, Matej alikuwa mgonjwa kitandani, ndani ya Pruitt. Masherifu walipochoka, mwaka 1911 kaunti zote mbili ziliandikiana mkataba juu ya meza hii hii ya jikoni: anayeishi katika nyumba ya Sedlak ni mtu wa kaunti ile ambamo kichwa chake hulala usiku. Wakapigilia safu ya misumari ya shaba sakafuni ili asitokee mbishi. Iko hatua moja kabla ya mlango wa chumba.

Kuhusu watu wa Pruitt nitasema kidogo, maana nikisema sana nitaharibu siku. Hao ndio waliokuja na mikokoteni majira ya baridi ya 1889 kuiba madaftari ya mahakama yetu, ili makao makuu ya kaunti yetu yahamie kwao. Kwa pupa yao walibeba sanduku la vitabu vya nyimbo za kanisa na jiko la chuma. Vitabu walirudisha. Jiko bado tunalingoja.

Wexler yetu ni majani, upepo na ng'ombe. Kila mtu ana ng'ombe sabini, na laiti wangekuwa na kura tungekuwa na bunge letu wenyewe. Nchi imelala bapa kiasi kwamba ukigombana na jirani ukaondoka kwa hasira, anakutazama ukikasirika kwa saa nzima. Kilichotupungukia ni watu. Sheria ya jimbo letu inasema sensa ya kila miaka kumi ikiikuta kaunti na watu chini ya mia tatu, shule yake inafungwa, na watoto wanapelekwa kwa jirani. Mimi ndiye dereva wa basi la shule yetu. Nabeba watoto kumi na tisa kila asubuhi. Kwenda Pruitt ni saa moja na nusu, kurudi ni saa moja na nusu, na mdogo wao ana miaka sita na hutapika kwenye kona, ingawa kona tunazo mbili tu.

Basi mwezi wa pili nilizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba nikahesabu. Tulikuwa mia mbili tisini na tisa. Mzee Amos Tilley alikuwa amefariki wiki mbili kabla, Mungu amsamehe haraka yake. Mtoto wa kina Lindquist hazaliwi hadi Mei, na sensa inahesabu watakaokuwepo tarehe mosi Aprili, yaani keshokutwa. Wa mia tatu alikuwa bibi yangu, na kitanda chake kilikuwa hatua nne ndani ya Pruitt. Babu Vencil alikiunga mle mle chumbani kwa mbao za mwaloni, hakipiti mlangoni. Ndiyo sababu ya msumeno.

"Siku tatu tu, Bibi," nikamsihi. "Nakikata, nakiunga tena hapa karibu na jiko, sensa ikipita nakirudisha."

"Wewe uliunga banda la kuku likaanguka bila kuku hata mmoja ndani."

"Basi lala hapa kwenye kiti! Nani atajua?"

"Mimi silali mahali kwa ajili ya serikali," akasema, akaendelea kubembea.

Gari likazimwa nje. Mlango ukagongwa, na aliyeingia, kishikwambi kikiwa kwapani, alikuwa Delphine Rasmus. Nilimjua. Kila aliyekulia huku amewahi kusimama katika mashindano ya vijana ya kupima ng'ombe kwa macho, na Delphine alinishinda miaka mitatu mfululizo. Kila mara alinipa mkono na kuniambia nimejitahidi.

"Royce Sedlak," akasema, akiutazama msumeno. "Unamkata nani?"

"Karibu Wexler. Futa miguu, hatutaki udongo wa Pruitt humu."

"Udongo wenyewe ni wenu. Upepo wenu unatumwagia bure."

"Kaa, binti yangu," Bibi akasema. "Kula kolachi, hizo ni za plamu. Usimjali huyu, alizaliwa siku ya upepo."

"Bibi, huku kuna siku isiyo ya upepo?"

"Ndiyo maana wote wako hivyo."

Delphine akacheka, akala andazi lile tamu hadi likaisha, akajipangusa unga wa sukari kidevuni. Nami nilikuwa bado wima na msumeno. Nikaona heri niseme kabla sijaulizwa. Nikamwambia habari za hesabu yangu ya watu mia mbili tisini na tisa, za watoto kumi na tisa, na za yule anayetapika. Nikamwambia kwamba shule ile ilijengwa na watu waliochimba udongo kwa mikono na kuishi ndani ya kuta za majani, wala haitafungwa kwa sababu mlevi mmoja alisinzia nyuma ya gari la farasi. Nikasema kwamba mwanamke huyu ameishi Wexler tangu siku aliyoolewa, amezika mume Wexler, amefundisha Wexler miaka thelathini na moja, na kama karatasi haioni hivyo, basi karatasi ni pofu.

"Umemaliza, mheshimiwa?" Delphine akauliza.

"Bado."

"Basi pumzika kidogo, mimi nifanye kazi." Akaiweka sahani kando. Sauti yake ikawa nyingine, ya kikazi. "Bibi Orpha, nimekula kiapo, na naandika kile nitakachoambiwa na kuonyeshwa. Mkataba nimeusoma. Usiku kichwa chako kinalala wapi?"

Bibi aliacha kubembea. Nilisikia pampu ya upepo nje ikigeuka na kukwaruza.

"Hapa," akasema, akiugusa mgongo wa kiti kwa kiganja. "Kwenye kiti hiki, pale karibu na jiko."

Nikajisemea kwamba amekubali kudanganya kwa ajili yangu, yeye aliyewahi kunirudisha dukani maili kumi na mbili kwa sababu ya peremende moja ambayo sikuilipia. Nikamkonyeza.

Delphine naye hakuwa mjinga. "Samahani, Bibi. Naomba nione chumba."

"Hakuna haja," nikadakia. "Amekwisha sema."

"Mwache," Bibi akasema. Akainuka polepole, akakisogeza kiti pembeni, nasi tukaivuka ile misumari ya shaba.

Kitanda cha Babu Vencil kilijaza chumba ukuta kwa ukuta. Juu yake, kutoka kichwani hadi miguuni, kulikuwa na makopo ya bati na masinia ya miche ya nyanya, mingine imefika urefu wa kiganja, yote imeinama kuelekea dirisha la mashariki. Mto ulikuwa mmoja, umewekwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Kandokando ya shuka palikuwa na duara za kutu, juu ya duara nyingine za zamani zaidi. Miche ya mwaka huu haikuwa ya kwanza kukaa pale.

Delphine aliandika, akarudi jikoni.

"Tangu lini, Bibi?" nikauliza.

"Tangu Vencil. Novemba itakuwa miaka mitatu." Alikuwa akigeuza kopo moja ili mche upate jua upande wa pili. "Kitanda ni kipana mno. Miaka sitini na miwili nilimpiga mtu kiwiko aache kukoroma. Ukipiga kiwiko kikaenda tu, ah, huwezi. Kwenye kiti hakuna nafasi ya kiwiko."

"Mbona hukuniambia? Nakuja hapa kila Jumamosi!"

"Ungekuja na msumeno."

Nilizunguka kaunti nzima nikahesabu hadi mfugaji wa nyuki anayelala ndani ya lori. Namba ya bibi yangu niliijua, na sikujua kwamba anaamka na shingo iliyokakamaa.

Jikoni Delphine alikuwa amezima kishikwambi. "Orpha Sedlak, Wexler," akasema. "Mia tatu kamili, kama hesabu yako ni sahihi, Royce, na ya ng'ombe haikuwahi kuwa sahihi." Kisha akapunguza sauti, lakini si sana. "Mtu wa umri wake hafai kuwa peke yake usiku kwenye kiti. Mama yangu tulimwekea mtu chumba cha pili, akaanza kulala tena siku ya tatu."

"Nyumba hii ina chumba kimoja tu," nikasema.

"Kimoja, na kina kitanda cha kutosha familia. Ila kiko kwetu." Akatabasamu kwa jino moja la pembeni. "Pole sana."

Bibi akaanza kucheka kabla yangu, akijishika mbavu. "Huyu? Alale Pruitt? Atavimba mwili mzima! Asubuhi nitamfunga uzi kama puto."

"Sherifu wetu atampa kadi ya ukaribisho," Delphine akasema. "Tutamwonyesha lile jiko."

"Kumbe mnalo!" nikafoka.

"Linapika vizuri sana."

Walicheka wote wawili hadi Bibi akakohoa, ikabidi nimletee maji. Alikunywa akishika kikombe kwa mikono miwili, na nikaiona shingo yake jinsi ilivyoegemea upande, upande wa jiko. Nilipiga hesabu. Leo tarehe thelathini Machi. Kitanda changu mjini kilikuwa cha Wexler, na kilihitajiwa hadi keshokutwa. Baada ya hapo, kwa miaka kumi, hakuna karani ambaye angeuliza kichwa changu kiko wapi.

Nilipiga goti mbele ya kiti.

"Bibi, sikiliza, na karani huyu awe shahidi, hata kama ni wa huko. Tarehe mosi nalala kwangu. Tarehe mbili, basi likishateremsha mtoto wa mwisho, nakuja na mto wangu. Nyanya nazihamishia dirishani. Nitalala kwenye kitanda cha Babu, ndani ya Pruitt, mlango wazi, usiku wote, kila usiku, na nikikoroma una ruhusa ya kunirushia kiatu kutoka Wexler. Nakuahidi."