Jina Katikati ya Gurudumu

Wajukuu wangu huniuliza biashara hii ya mtu kuleta mtu, naye akaleta mtu mwingine, ilianzia wapi. Wanajua niliifanya zamani, hata nikavaa koti la manyoya kwenye joto la California kama mwehu. Huwa nawaambia ilikoanzia kwingine sikujui, waliosoma waandike. Kwetu, Mtaa wa Limau, ilianzia juu ya kitanda changu.

Kitanda hicho kilikuwa na blanketi la viraka. Mwaka wa 1938 paa la kanisa letu la Methodisti lilivuja mpaka kinanda kikaota kuvu, na sisi wanawake tukaamua kushona blanketi la majina, kama mama zetu walivyofanya kule Iowa na Nebraska. Unashona gurudumu la vitambaa. Kila spoku inabeba jina la mtu aliyetoa senti kumi, na pale katikati unatarizi jina la mwanamke aliyewakusanya. Kwa kawaida gurudumu ni moja, au mawili, basi. Jirani yangu Leota Pruitt ndiye aliyesimama na mwiko mkononi akasema, "Jamani, mbona tunajichosha peke yetu? Kila jina hapa si lina mdomo? Nalo likatafute majina yake kumi, lipate gurudumu lake!"

Tulicheka, kisha tukafanya. Kufika Krismasi gurudumu la Leota lilikuwa katikati, jina lake kwa uzi wa bluu. Mengine kumi yalilizunguka, langu likiwa mojawapo, na nje yake yakaja madogo zaidi, yenye majina ya watu tusiowajua wa miji tusiyowahi kukanyaga. Paa likazibwa. Blanketi likapigwa mnada, na mume wangu Harlan, Mungu amrehemu, akalinunua kwa sababu aliona ninavyolitazama.

Leota hakuwahi kugonga mlango wangu. Alipita nyuma, na alianza kuzungumza tangu kwenye kamba ya nguo, hivi kwamba akiingia jikoni hadithi imeshafika katikati nami nalazimika kubahatisha mwanzo wake. "...basi yule mwanamke akamwambia, kama ni hivyo, kula na sahani yake! Orpha, kahawa ipo?" Mimi kwake vilevile. Mlango wa mbele ulikuwa wa mchungaji na watu wa bima.

Harlan alipofariki nikachukua mpangaji, Bwana Lyle Crandall. Alikuwa akiuza viwanja vya makaburi kwa watu ambao bado wanatembea. Ilikuwa kazi ngumu, maana watu wamesafiri maili elfu mbili kuja kwenye jua na machungwa ili wasife, halafu wewe unawafuata na ramani ya makaburi. Majira ya kuchipua ya 1946 alirudi na sanduku la vidonge vya kijani, vya majani makavu, vya kuongeza nguvu mwilini. Leota alinusa kimoja jikoni kwangu.

"Haya majani mume wangu Virgil amelisha ng'ombe miaka ishirini," alisema. "Hakuna hata ng'ombe mmoja aliyekuja kumshukuru."

"Ng'ombe hana jirani wa kumwambia, Bi Pruitt," Crandall alijibu, nasi tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Lakini mdomo wa Crandall ulikuwa mmoja na mitaa ni mingi. Alirudi kila jioni miguu imevimba. Ndipo siku moja ya Aprili akalikuta blanketi langu kwenye kamba. Michungwa ilikuwa imetoa maua. Harufu ile, bonde letu lote lilikuwa ndani yake, watu walisinzia wamesimama na nyuki wakagonga madirisha kama walevi. Crandall alifuata majina kwa kidole, kutoka pembeni kuja katikati, polepole, midomo ikimcheza.

"Huyu wa katikati anapata nini kwa hawa wote?"

"Hapati kitu," nikasema. "Ni blanketi."

"Je, angepata?"

Sikumwelewa. Pindo la blanketi lilikuwa limelikunja lile jina la katikati, halionekani. Akanigeukia, macho yamemtoka. "Bi Orpha, nani alibuni jambo hili?"

Nitasema ukweli, nimebakiza nini cha kuficha katika umri huu? Tangu Harlan afe hakuna mtu aliyenitazama vile, kana kwamba kichwani mwangu mna kitu. Nikasema, "Mimi."

"Basi utakuwa wa kwanza chini yangu. Jumamosi tuite watu, tulitundike sebuleni wakuone ulivyokaa katikati."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tatu. Ijumaa asubuhi ukungu ulipanda kutoka baharini ukalala juu ya michungwa, nyumba zote zikayeyuka, nikaketi jikoni na mkasi mdogo. Kabla ya hapo nilifunga mlango wa nyuma kwa komeo. Komeo lenyewe lilikuwa na kutu, sikumbuki kama liliwahi kufungwa. Nilifumua uzi wa bluu, herufi moja baada ya nyingine, nikatarizi ORPHA kwa uzi mwekundu. Herufi tano kwa herufi tano. Nilijiambia hata nafasi imekubali.

Nikiwa kwenye herufi ya mwisho nilimsikia Leota anakuja ndani ya ukungu. "...na hapo ndipo daktari naye akaanza kulia, fikiria, mwanamume mzima..." Kitasa kikazunguka, mlango ukagoma. Hadithi ikakatika. Alisimama pale kwa muda, ubao mmoja tu kati yetu, nami nimeshikilia sindano hewani. Kisha nikasikia viatu vyake vikirudi. Mpaka leo sijui yule daktari alililia nini.

Jumamosi alasiri walikuja watu kumi na tisa, karibu wote waliohamia kwetu baada ya blanketi kushonwa. Viti tuliazima kanisani, nikaoka keki ya nanasi. Crandall alilitundika blanketi kwenye fimbo ya pazia, mbele ya dirisha kubwa la magharibi, akaeleza. Wewe unamleta mwenzako, anakaa chini yako. Naye anawaleta wenzake. Kila anachouza yeye na wanaomfuata, tone moja la faida linapanda kwako. "Na aliyeyaona haya kabla yetu sote," akasema, "ni mama huyu hapa." Wakapiga makofi. Sikutazama upande wa Leota.

"Sasa fumbeni macho," Crandall akasema. Sauti yake ilikuwa imezoea kuzungumza na wajane. "Msinisikilize mimi. Kile mnachokitaka kiko mbele yenu. Kisogeleeni. Kiguseni."

Joto, maua, matumbo yamejaa keki. Sebule nzima ikazama. Mmoja akasema kwa sauti ya usingizini kwamba anaona jokofu jeupe, analifungua na taa inawaka ndani. Mwingine aliona meno mapya. Mzee Otis, ambaye hakuwahi kuwa na hata baiskeli, aliona mashua: "Inaelea tu. Wala haihitaji kusukumwa." Hakuna aliyemcheka. Nami nilijiona nimevaa koti la manyoya, nimeketi katikati ya gurudumu, na Mtaa wa Limau wote unanizunguka taratibu, kila mtu akiinama akifika mbele yangu. Ilikuwa tamu, sitasema uongo wa pili.

Nikafumbua macho kabla ya wengine. Leota hakuwa amefumba yake. Alikuwa akilitazama blanketi, uso umetulia kama wa mtu anayesoma barua.

"Na Bi Pruitt?" Crandall aliuliza. "Unaona nini?"

"Namwona Orpha," alisema. "Amekaa katikati." Watu wakacheka, macho bado wamefumba. Yeye akaendelea kunitazama, akangoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikawauliza watu nani ataongezewa keki.

Leota akachukua kalamu akasaini chini yangu. Nilimfuata mlangoni. "Si ulisema ni chakula cha ng'ombe? Mbona umesaini?"

"Umenialika, shoga. Hata ungenialika kwenye mazishi yako ningekuja."

Jumatatu nikasikia mlango wa mbele ukigongwa mara tatu. Nikafungua. Leota, amevaa kofia na glavu nyeupe, mkoba mkononi, anatabasamu.

"We Leota! Unafanya nini huku mbele?"

"Kitabu cha mafunzo kinasema mlango wa mbele, Bi Stubblefield," akaniita kwa jina la ukoo.

"Kitabu hakijui jikoni kwangu."

"Sasa kinajua," alisema, na tabasamu halikutikisika.

Kweli kile kitabu cha Crandall kilisema hivyo. Vaa glavu. Tabasamu kabla mlango haujafunguliwa. Ukikataliwa sema karibu tena. Na usiwahi kufunga mlango kwa kishindo, mteja asije akaona kinyongo. Majira yote ya joto mtaa wetu ulitembea na glavu nyeupe. Kutoka kibarazani niliwaona wakipita kwenye mwanga ule wa njano, wanaingia huku wanatokea kule, kimya, kama watu wanaotembea usingizini. Leota aliuza kuliko wote, akaleta watu, nao wakaleta watu, na matone yote yakapanda kwangu. Nikanunua koti. Crandall akahamia Los Angeles kwenye ofisi yenye lifti.

Kufika Oktoba hakukuwa na mteja tena Mtaa wa Limau, wote tulikuwa wauzaji. Unakwenda kugonga kwa mtu, unamkuta naye kavaa glavu, anatoka kuja kugonga kwako. Tulinunuliana kwa adabu, kabati zikajaa. Mzee Otis alikuwa na masanduku chini ya kitanda mpaka kitanda kikainuka.

Nami nilikaa jikoni nimevaa koti langu, nasikiliza upande wa kamba ya nguo. Komeo nililing'oa kabisa. Nilimtaka shoga yangu, basi. Nilitaka aingie na hadithi isiyo na mwanzo. Ningetoa koti na kiti cha katikati, na ningetoa shukrani juu yake.

Mwezi wa Novemba, mchana, nilikuwa natandika kitanda. Nililikung'uta blanketi kuelekea dirishani, jua likaja nyuma yake. Pembeni mwa uzi wangu mwekundu, kila mahali sindano ya kwanza ilipopita miaka minane nyuma, palikuwa na vitundu, na kila kitundu kilikuwa na nuru. LEOTA. Lilisomeka wazi kuliko langu. Nikakumbuka dirisha la magharibi na uso ule wa mtu anayesoma barua. Nililia kwa aibu, kwa sauti, peke yangu kama mtoto.

Nikafumua jina langu. Nikapitisha uzi wa bluu kwenye vitundu vilevile, sikukosea hata kimoja. Sikuvaa koti. Nikalikunja blanketi, nikatoka kwa nyuma, na tangu kwenye kamba yake ya nguo nikaanza kuzungumza kama zamani: "...basi mwanamke mwenyewe akawa mjinga, akafikiri uzi ukifumuliwa..."

Nikafika mlangoni. Na mkono wangu, ambao miezi saba ulikuwa umefunzwa, ukainuka wenyewe ukagonga mara tatu.

Sauti yake ikatoka ndani: "Nani?"

Miaka kumi na minane ya ujirani wetu hakuwahi kuniuliza hivyo.

"Orpha."

"Zunguka mbele."

Nikazunguka. Nyumba yao ndogo, hatua thelathini. Alikuwa ameshafungua, amesimama kizingitini na glavu zake. Nikampa blanketi, nikasema yote, kwa fujo, mwisho kabla ya mwanzo. Alilikunjua upande wa katikati, akavua glavu moja, akapitisha kidole juu ya jina lake, herufi kwa herufi.

"Jua lilikuwa nyuma yake siku ile," alisema. "Nililiona. Nikangoja useme."

"Nasema sasa, Leota."

"Nasikia." Akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalikumbatia kifuani. Kwa muda nilidhani atasogea nipite. Kisha akaivaa tena ile glavu.

"Karibu tena, Bi Stubblefield," alisema, akitabasamu.

Akafunga mlango taratibu sana.