Maria Hana Maneno

Katekista Donat alimpa Hortense nafasi ya Mama Maria kwa sababu moja tu: katika mchezo wa Ijumaa Kuu, Maria hana maneno. Anasimama chini ya msalaba na kulia, basi. Hortense alikuwa na miaka kumi na tisa, na hata jina lake, akiulizwa mbele ya watu watatu, alilitamka ndani ya kitenge chake. Nafasi ile ilimfaa.

Shida haikuwa Maria. Shida ilikuwa Yesu. Mwaka ule wa 1971, wakati majina ya ubatizo yalikuwa bado hayajakatazwa na serikali, Yesu wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa shaba alikuwa Désiré, kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu walipotoka Kasai. Na Désiré hakuwa na kifua. Miaka saba ya kazi chini ya ardhi ilikuwa imemjaza vumbi mapafuni. Akipanda ngazi za kanisa alisimama katikati na kujifanya anatazama watu, kumbe anatafuta pumzi. Ndiyo maana kampuni ilimtoa chini ikamweka kwenye stoo ya posho, awapimie wafanyakazi unga wao wa kila wiki.

Mtu anayepima unga hapendwi. Akiwa Mkasai, mgeni wa kutoka mbali, hapendwi mara mbili. Magunia yalifika stoo yakiwa yamepungua tayari, lakini uso uliokuwa nyuma ya mizani ulikuwa wa Désiré, na kidole kilichosemwa kambi nzima kuwa kinakandamiza mizani kilikuwa chake.

Sasa, kambi ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya Ijumaa Kuu, kuanzia mlango wa kanisa hadi juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba za mwisho, kila mtu aliruhusiwa kumtukana Yesu. Watu ndio waliokuwa umati wa Yerusalemu. Tusi la siku ile halikuhesabiwa dhambi, wala halikulipizwa. Na Jumapili ya Pasaka yule aliyetukanwa, kama aliumaliza mchezo wote, alipita nyumba kwa nyumba akila na kunywa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mgeni tena.

"Banitukane siku moja, iishe," Désiré alimwambia dada yake. "Pasaka nitakula kwabo."

"Na kifua, yaya?" Hortense alimwita hivyo tangu utotoni, yaya, kaka mkubwa.

"Kifua iko yangu."

Lakini Kwaresima nzima Hortense, akiwa ameketi benchi la nyuma, alikuwa amemsikiliza Donat akiwafundisha watoto habari za Warumi. Donat alikuwa amekisoma kitabu cha padri mzee, na habari zile zilimkolea mdomoni kama mchuzi. Warumi, alisema, hawakumtundika msalabani mtu yeyote tu. Msalaba ulikuwa wa watumwa, wanyang'anyi na waasi. Waliwapanga kando ya barabara, safu nzima, ili wapita njia waone na watie akilini. Aliyehukumiwa alibeba boriti ya juu tu. Nguzo ilikuwa imesimama tayari mahali pa kufia. Misumari haikupigwa katikati ya kiganja, ilipigwa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu nyama ya kiganja ingepasuka.

"Na kinachoua si damu," Donat alisema, akanyoosha mikono yake pande mbili na kuinamisha kichwa. "Kinachoua ni pumzi. Ukining'inia hivi, kifua kinajaa hewa lakini hakiwezi kuitoa. Mpaka ujisukume juu kwa miguu. Miguu ikichoka, umekwisha. Ndiyo maana, wakitaka mtu afe upesi, walimvunja miguu."

Watoto walifurahi sana. Hortense alitoka nje akiwaza kifua cha kaka yake.

Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu akaenda kwa Kapya, seremala wa kambi, aliyekuwa akichonga nguzo ya msalaba. Alizunguka karakana mara tatu kabla ya kuingia.

"Tata Kapya," alisema, akitazama mbao. "Kwa miguu ya yaya. Uweke kitu ya kukanyaga."

Kapya alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi pamoja na Désiré, akisimamisha miti ya kuzuia mwamba. Hakuuliza kwa nini. Alichukua kipande cha ubao mgumu, akakipigilia kwenye nguzo kwa misumari minne mirefu, kisha akapanda mwenyewe akarukaruka juu yake.

"Hii inabeba hata mukubwa wa kambi na tumbo yake," alisema. "Enda, mama, ulale."

Ijumaa mvua ya asubuhi ilikatika, na upepo ukaleta moshi wa bomba la kiwanda hadi kambini, ule moshi mchungu unaokuna koo. Padri alikuwa ameitwa kijijini Lukafu kuungamisha wakulima, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa Donat. Askari wa Kirumi walikuwa wanaume wanane wa tanuru la kuyeyushia shaba, wamevaa sketi za magunia na kofia za chuma za kazini zilizopakwa rangi ya dhahabu. Mkubwa wao alikuwa Chomba, msimamizi wa tanuru, mtu mwenye mabega kama mlango. Mijeledi ilitakiwa iwe ya majani makavu. Wa Chomba ulikuwa kipande cha mpira wa mashine.

Désiré alifungwa boriti mabegani, wakaanza kwenda.

"Désiré! Leo mizani iko wapi?"

"Pima sasa! Huo muti iko kilo ngapi?"

"Mumuangalie kidole! Asiweke kidole!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Kwanza lilikuwa cheko la mchezo, kisha pole pole likawa kitu kingine. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akatoka kwenye umati akamrushia usoni konzi mbili za makapi ya mahindi.

"Kamata! Ndiyo hii unga unatupatiaka!"

Makapi yakagandamana na jasho. Désiré akakohoa, akapiga goti mahali ambapo kituo cha kuanguka kilikuwa bado hakijafika. Chomba akampiga. Mpira ukalia mgongoni, na shati jeupe likachanika.

"Amuka, Mukasai. Yesu anaanguka mara tatu tu, usituongezee."

"Rudi Kasai na musalaba yako!" akapaza mwingine, na hata mkubwa wa kambi, aliyekuwa akitembea pembeni na beji ya chama tawala kifuani, akatabasamu.

Hortense alifuata nyuma akiwa amejifunika kitambaa cha bluu. Alihesabu kikohozi cha kaka yake. Alijiambia: kibao kipo. Akifika juu atakanyaga, atapumua.

Kichuguu kilikuwa kirefu kuliko nyumba, na nguzo ilisimama kileleni. Donat alitangulia kupanda. Akauona ubao wa Kapya.

"Nani ameweka hiki kitanda?"

"Ni ya miguu, mwalimu," Kapya akajibu kutoka chini. "Weye mwenyewe ulisema habari ya pumzi."

"Warumi waliweka kibao wakitaka mtu akae siku mbili. Bwana wetu alikaa saa tatu. Unataka kumfundisha Mungu?"

Akamnyang'anya askari mmoja nyundo, akaupiga ubao kutoka chini mara tano, sita, mpaka misumari ikalia na ubao ukaruka matopeni. Kapya akatazama watu waliokuwa wakimtazama, akarudi nyuma.

Hortense alisogea mpaka kwa Chomba. Sauti yake ilitoka ndogo kama ya mgonjwa.

"Tata Chomba, bila kibao hatapema. Hatapata pumzi."

"Mama Maria, weye hauna maneno hapa," Chomba akasema kwa sauti kubwa, na kichuguu kizima kikacheka. "Kazi yako ni kulia. Lia."

Wakamfunga Désiré vifundo vya mikono kwa kamba, wakaivuta boriti juu kwa roda, wakaitia kigingi. Miguu yake ikafungwa kwenye nguzo, visigino vikiteleza kwenye mti laini. Uzito wote ukaning'inia mikononi.

Hapo sheria ilikuwa moja. Yesu anasema maneno saba. Kila neno, watu wanapiga magoti na kuimba wimbo mzima. Likishasemwa la saba, askari wanamshusha. Kabla ya la saba, hakuna anayemgusa.

"Baba, uwasamehe," Désiré akasema, na sauti ilifika mpaka nyumba za mwisho. Watu wakaimba.

La pili alilisema nusu, kisha akajivuta kwa mikono akalimalizia. Wakaimba.

La tatu linamhusu Maria. Akamtazama dada yake. "Mama," akasema, "tazama..." Hortense aliona midomo yake imegeuka rangi ya majivu. Aliona shingo, jinsi mishipa yake ilivyosimama, na mbavu zilizopanuka na kubaki zimepanuka, kama mlango uliokwama. Wakaimba, beti zote nne.

La nne, Mungu wangu, mbona umeniacha, lilitoka kama mluzi. Wanawake wakajipiga vifua kwa utamu wa huzuni. Mwaka huu, walinong'onezana, mwaka huu tumepata Yesu kweli.

La tano: "Kiu." Basi.

Wimbo ukaisha. Watu walikuwa magotini, wakingoja la sita. Désiré akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu kujivuta, mikono ikatetemeka, ikamrudisha chini.

"Imekwisha," Donat akamnong'oneza kutoka chini, akidhani amesahau. "Désiré! Sema: imekwisha!"

Kichwa kikaanguka kifuani.

"Anajua kufanya, huyu," Chomba akasema kwa heshima. "Tumuache. Atasema."

Na Donat akainua mkono, wimbo ukarudiwa tangu mwanzo.

Hapo Hortense alipiga ukelele. Sauti ambayo hajawahi kuisikia mwenyewe ilimtoka tumboni. "Hapemi! Yaya hapemi! Anakufa, mumushushe!"

Umati mzima ukaangua kilio. Wanawake wakajitupa chini pamoja naye.

"Angalia vile analia!"

"Ee, Mama Maria, unatuua!"

"Anakufa kweli!" Hortense alipiga kelele. "Si mchezo! Kweli!" Na kadiri alivyosema kweli, ndivyo walivyozidi kulia. Alikimbilia nguzo, mikuki miwili ya miti ikamkingama kifuani, kwa sababu askari wa Kirumi walikuwa wamefundishwa kumzuia Maria. Akamuuma mmoja mkono. Akasukumwa, akaanguka, na mtu akasema jinsi Donat alivyomfundisha vizuri yule mtoto. Akavua kitambaa cha bluu akakitupa. Wakaona ni uchungu wa mama. Akamtafuta Kapya kwa macho. Kapya alikuwa magotini, ameficha uso mikononi, akiimba.

Juu, miguu ya Désiré iliacha kuteleza. Ilitulia.

Hortense akasimama katikati ya kichuguu, mbele ya watu elfu mbili, bila kitambaa, matope usoni. Akavuta pumzi yote iliyokuwa katika kifua chake kizima, akatamka neno la saba:

"Baba! Mikononi mwako naiweka roho yangu!"

Wimbo ukakatika.

Chomba alikuwa na miaka kumi tanuruni. Pale tanuruni, ishara ikilia, mkono unainuka; ukianza kuuliza nani ameitoa, shaba ya moto imekwisha kumwagika miguuni mwa watu. Mkono wake ukainuka kabla yeye mwenyewe hajajua. Na askari wanne wakachomoa kigingi.

Boriti ikashuka kwa kishindo. Désiré akaangukia uso, mikono bado imefungwa imenyooka, kama ndege aliyepigiliwa matopeni. Hortense akamwangukia, akamgeuza, akampiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu hewa ikatoka kwa mlio wa msumeno katika mti mbichi, kisha ikaingia nyingine.

Watu waliinuka mmoja mmoja. Walimwona akipumua. Walimwona akikohoa. Na nyuso zao, zilizokuwa na machozi, zikaanza kubadilika.

"Ya sita iko wapi?" mtu akauliza. "Hakusema ya sita!"

"Wala ya saba. Ni dada yake alisema."

"Ameshushwa bila kufa!"

Kisha sauti moja ya mwanamke, kali, kutoka nyuma: "Hata kufa amepima pungufu!"

Cheko likashuka kichuguu kizima kama mawe. Waliokuwa wakilia walicheka zaidi ya wote. Makapi yakarushwa tena, kisha madongo. Donat akaja mbio, akamshika Hortense nywele, akampiga kofi mpaka sikio likavuma.

"Mwanamke! Neno la Bwana katika mdomo wa mwanamke! Umeharibu sala ya kambi nzima!"

Hortense akarudi kwa Désiré. Alifungua kamba kwa meno, kwanza mkono wa kuume, kisha wa kushoto. Vifundo vilikuwa vimevimba na vidole vilikuwa vyeusi. Chomba alisimama karibu, kofia ya dhahabu mkononi, akautazama mkono wake mwenyewe, ule ulioinuka, kisha akaifuata njia ya watu waliokuwa wakirudi nyumbani.

Désiré akafungua macho. Aliona migongo yao ikiteremka. Alimwona yule mwanamke mwenye mtoto, alimwona mkubwa wa kambi, na Kapya, ambaye hakugeuka.

"Nani alikuambia useme?" akauliza.

"Yaya, ulikuwa unakufa."

"Ilibakia mbili." Alilazimika kupumua kati ya kila neno. "Maneno mbili tu, Hortense. Ningesema. Sasa Pasaka nani atanifungulia mulango?"

"Ulikuwa hupemi, yaya."

"Toka kwangu."

Alitaka kumsukuma. Hortense aliona bega likijikaza na shingo ikisimama kwa hasira, lakini mikono haikumtii. Ililala matopeni, mizito, kama ya mtu mwingine. Basi akabaki pale pale akiisugua, kutoka kiganjani hadi begani, wakati kaka yake akiwa amegeuza uso upande wa pili.