Mfupa wa Colombe

Bomba la mtaa wa Kasha lilikuwa halijatoa maji tangu Jumapili, lakini Colombe alisukutua kinywa kama daktari alivyoagiza, kwa maji ya chumvi ambayo mama yake alikuwa ameyachemsha usiku. Aliinama uani, akatema, kisha akapitisha mswaki taratibu kwenye meno ya kushoto, pale yalipopinda kuelekea pengo la ufizi wa juu.

"Piga na kule nyuma," Martine, mama yake, alisema huku akifunga shuka na sufuria ndani ya kitenge. "Wakikuta uchafu watakurudisha."

Colombe alikuwa na miaka kumi na sita. Alizaliwa mdomo wa juu umepasuka. Ulishonwa angali mchanga, ukabaki na kovu jembamba, lakini ndani ufizi haukuwahi kuungana. Sasa madaktari waliokuja Bukavu kwa wiki moja tu walikuwa wamesema watachota mfupa kidogo kwenye nyonga yake na kuujaza katika lile pengo, ili ufizi uzibe na meno yapate pa kushika.

Gaston, kaka yake Martine, alisimama mlangoni, hajaridhika.

"Mutoto anatembea muzuri. Munaenda kumukata mfupa ya kiuno? Akibaki kilema?"

"Nitachechemea kidogo tu, tonton. Docteur alinielezea."

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa nauli ilikuwa imepanda tena. Walifika hospitalini viatu vimejaa matope. Léopold, mkuu wa mapokezi, hakuwaambia hata wakae.

"Place yenu imepewa mutu mwingine. Murudie wakati mission ya wadocteur itakuja tena."

"Papa chef, mara ya mwisho tulingojea miaka."

"Maman, mutoto wako anakula, anasema, anasoma. Hii yake ni urembo tu. Kuko wagonjwa wa kweli."

Mlango nyuma yake ulikuwa wazi. Kwenye kitanda cha dirishani alilala kijana mmoja, viatu mguuni, akicheka na simu yake. Muuguzi aliyekuwa akipita alimnong'oneza Martine: ni mpwa wa mkubwa fulani, amekuja kung'olewa jino.

Martine aliinamisha kichwa. Ndivyo alivyozoea kufanya mbele ya kila meza ya ofisi. "Tunaomba, papa..."

Colombe alimshika bega. Akatoa chupa ya maji kwenye kitenge, akasogea karibu na meza na kunywa funda kubwa. Maji yakamtoka puani, yakatiririka juu ya kovu na kulowesha blauzi yake. Watu kwenye foleni wakageuka kumtazama. Kitu hicho alikuwa amekificha maisha yake yote. Shuleni hakuwahi kunywa hata tone, jua liwake vipi.

"Papa Léopold," alisema kwa sauti yake ya puani, ile iliyowafanya wenzake darasani wamwigize. "Urembo yenyewe iko wapi?"

"Binti, usiniletee théâtre hapa."

"Basi nitangojea docteur."

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba cha madaktari. Léopold aliita mlinzi. Mlinzi alikuja, akamtazama msichana aliyelowa, akasema ana kazi kwenye geti. Martine alibaki amesimama. Aliwaza kwamba wakifukuzwa leo hawatapokelewa tena hapa, hata kwa malaria. Kisha akatandika kitenge, akaketi kando ya binti yake.

"Sogea kidogo," alimwambia.

Wakiwa pale, Léopold aliwarudisha wengine wa foleni, na Colombe akawauliza majina walipopita. Daktari Apollinaire alipotoka, nusura awakanyage. Aliuliza kwa nini mgonjwa wake yuko chini. Léopold akasema ni malentendu ndogo, kwamba hawakuelewana tu. Jioni hiyo kitanda cha dirishani kilikuwa cha Colombe, na hakuna aliyewaomba radhi.

Alipoamka baada ya upasuaji, nyonga ilimuuma kuliko mdomo. Shavu lilikuwa limevimba. Hakuruhusiwa kupenga kamasi wala kutafuna, na Martine alimpikia uji mwepesi jikoni kwa wagonjwa, akauchuja kwa kitambaa safi, akamnywesha kwa kijiko. Kesho yake Colombe alishika ukuta na kutembea hadi chooni akichechemea, machozi yakimtoka, lakini alikataa kubebwa.

Siku ya tatu wageni wa televisheni walikuja na kamera. Léopold, ndani ya koti jipya, aliwaongoza hadi kwenye kitanda cha dirishani.

"Huyu ni mmoja wa watoto tuliosaidia," alisema, akainama kwa Colombe. "Sema merci kwa hôpital. Kwa kifupi, usichoke."

Mwanamke mwenye kipaza sauti akakisogeza. Colombe alimtazama mama yake. Martine angeweza kumkonyeza anyamaze. Hakufanya hivyo.

"Merci kwa docteur," Colombe alisema polepole, midomo ikiwa mizito. "Naitwa Colombe, wa Kasha. Papa huyu alipatia mutu mwingine kitanda yangu. Nilikaa chini kwa mlango ndio wakanipokea. Kwa foleni kuko wengine walirudishwa. Muende muwaulize."

"Zima kamera," Léopold alisema.

Yule mwanamke alisita, mkono ukiwa hewani. Colombe akashika kipaza sauti mwenyewe, akaanza kutaja majina ya waliorudishwa.