Maharage ya Ma Kokuberwa

Mwezi wa sita, wakati wa kuchuma kahawa, niliwalisha majirani zangu saba maharage mabichi, kisha nikamwacha mwanamke mzee abebe lawama siku tano nzima.

Hapa Kishanda tunachumiana kahawa kwa zamu. Leo kibanja changu, wiki ijayo cha mwingine, na mwenye kibanja ndiye anayelisha watu. Asiyeweza tena kuchuma hutoa kitu cha kupika. Ma Kokuberwa, jirani yangu wa upande wa juu, amepita miaka themanini, kwa hiyo yeye hutoa maharage. Ni yale makubwa mekundu. Anayaweka kwenye mtungi pamoja na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Kila mtu anajua. Mama zetu wote walifanya hivyo kabla ya dawa za dukani.

Zamu yangu ilipofika, mke wangu Evelyne alikuwa Bukoba mjini, Kagondo, kwa binti yetu Jovita aliyekuwa amejifungua. Jioni ya kuamkia siku ya kazi alinipigia simu.

"Umeloweka maharage?"

"Nitaloweka."

"Loweka sasa hivi. Asubuhi maji hayo umwage, uweke mengine. Yachemke peke yake mpaka yaive, ndipo uweke ndizi. Usichanganye vyote mara moja, baba Jovita. Ndizi zitaiva, maharage yatabaki."

"Maharage nayo yamekuwa dawa ya hospitali?"

"Basi mwite Magdalena wa Lwakatare akupikie."

"Sijashindwa na sufuria."

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nikimsema Evelyne kwamba anamaliza kuni, na kwamba yale maji anayoyamwaga kwenye migomba ndiyo yenye utamu. Mwenyewe sikuwahi kupika maharage hata siku moja. Niliacha shule darasa la tano nikaenda kufyatua matofali, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupikiwa. Lakini maneno ya jikoni nilikuwa nayo mengi.

Sikuloweka. Nilikaa na redio mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi watu walifika mapema, tukaingia kwenye kahawa, na sufuria nikaikumbuka saa nne na nusu. Nikaosha majivu, nikatia maharage, nikatia ndizi juu yake, maji, chumvi, nikafunika kwa majani ya mgomba kama ninavyomwona Evelyne akifanya. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulikuwa mwingi kuliko moto. Nikarudi shambani.

Saa sita na nusu nilifunua. Ndizi zilikuwa zimelainika, zimekuwa za manjano, zinanukia vizuri. Kwetu mtu akitaka kujua kama chakula kiko tayari anatazama ndizi, nami nilitazama ndizi. Kisha nikachota harage moja nikaling'ata. Likakatika kama karanga mbichi. Ndani lilikuwa gumu na jeupe.

Kwa hiyo nilijua. Mtu asinitetee kwamba sikujua. Watu walikuwa wameshanawa mikono, wamekaa kwenye majani, na jirani yangu Lwakatare alikuwa ameanza utani wake. Nikapakua.

"Ta Joackim," Lwakatare akasema akitafuna, "haya maharage yana mifupa."

"Meno yako ndiyo yamezeeka."

"Meno yangu ni mazima. Ninayauliza maharage kama yamewahi kuuona moto, yananijibu kwamba yaliuona kwa mbali."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mkewe, Magdalena, hakucheka kwa kuwa alikuwa na njaa. Alikula sahani mbili. Mimi nilikula ndizi, nikasukuma maharage pembeni, na hakuna aliyeona.

Ilipofika saa tisa, Magdalena aliweka kikapu chini, akashika mti wa kahawa, akatapika. Hatujamaliza kumshangaa, mwingine akainama. Mpaka saa kumi watu saba walikuwa wametapakaa kwenye kibanja changu, wengine wanatapika, wengine wanakimbilia chooni na choo ni kimoja. Magdalena alilegea mpaka tukambeba kwenye pikipiki kwenda zahanati, mimi nimemshikilia kwa nyuma. Njia nzima alikuwa akinung'unika, "Tumbo, waitu, jamani, tumbo."

Muuguzi, dada mmoja aitwaye Nancy, alimtundikia dripu. Kisha akanichukua pembeni.

"Mlikula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Maharage mekundu? Yalilowekwa usiku?"

"Ndiyo."

"Yalichemka muda gani?"

"Saa tatu," nikasema.

Akanitazama. "Nakuuliza, baba, kwa sababu maharage mekundu yana sumu yake yenyewe, yanazaliwa nayo. Unaloweka, unamwaga maji, unaweka mapya, unayatokotesha kwa nguvu nusu saa au zaidi, kisha unaendelea mpaka yapondeke kwa vidole. Hapo sumu imekufa. Yakipata moto wa kubembeleza tu, ni hatari kuliko unavyodhani. Lakini kama yalichemka saa tatu, basi tutafute kitu kingine."

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja. Lwakatare alikuwa amesimama mlangoni, naye anajishika tumbo, macho yake yako kwangu.

"Yalikuwa na unga mweupe," nikasema. "Hayo maharage. Tulipewa na Ma Kokuberwa."

Sikusema majivu. Nilisema unga mweupe.

Watu wote walipona kesho yake, hata Magdalena, ingawa alitembea kwa kujishika ukuta siku mbili. Maneno yangu ndiyo hayakupona. Kufikia Ijumaa jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba Ma Kokuberwa anatia sumu ya wadudu kwenye maharage. Kufikia Jumamosi wengine walikuwa wanasema jambo jingine, ambalo kwetu halisemwi kwa sauti juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, kwa kuwa likishasemwa halina mwisho mzuri. Nililisikia kilabuni kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimaliza kilichokuwa kwenye kibuyu nikaenda nyumbani.

Jumapili kigangoni, wakati wa matoleo, Ma Kokuberwa alikuja na beseni lake la maharage kama kila mwaka wakati wa mavuno. Alitembea polepole na fimbo yake, beseni kichwani. Mzee wa kanisa alilipokea. Lakini hakuliweka mbele pamoja na ndizi na mahindi ya wengine. Alilitoa kwa mlango wa pembeni akaliacha nje, kwenye ukuta, kuku wanapopita. Ma Kokuberwa alisimama pale mbele akitazama mlango ule. Kisha akarudi kwenye benchi lake, na waliokuwa wamekaa pale wakasogea mpaka wakamwachia benchi zima.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilitazama viatu vyangu.

Evelyne alirudi Jumatatu. Habari alikuwa amezipata tangu stendi ya Muleba. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alikwenda jikoni, akakuta ile sufuria niliyokuwa nimeisukuma nyuma ya kuni bila kuiosha, akachota harage moja chini. Akalibana kwa kidole gumba. Halikupondeka. Akaja nalo mpaka nilipokaa, akaliweka kwenye kiganja changu.

"Liponde," akasema.

Sikujaribu.

"Uliwaambia nini watu?"

Nikamweleza. Sikuficha, hata ile habari ya kusukuma maharage pembeni ya sahani. Alisikiliza akiwa amesimama, kitenge cha safari bado kiunoni.

"Jovita nilimzaa mikononi mwa yule mama," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, wewe uko kwenye matofali. Nikienda kusema mimi, watasema mke anamfichia mumewe. Mdomo uliosema ni wako."

"Watanicheka."

"Wakucheke."

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa zamu ya kibanja cha Lwakatare. Jioni ile ya Jumatatu nililoweka maharage ya Ma Kokuberwa yaliyobaki. Niliyaloweka mwenyewe, Evelyne amekaa kwenye kigoda ananitazama. Asubuhi nikamwaga maji, nikabeba maharage, sufuria na kuni zangu kavu, nikaenda nikawasha moto katikati ya ua wa Lwakatare, mbele ya watu wote.

"Hayo maharage umeyatoa wapi?" Magdalena akauliza.

"Ni yale yale."

Akarudi nyuma hatua mbili. Nikaona nisipoanza wakati huo sitaanza tena. Nikawaambia: sikuloweka, nilichanganya na ndizi, nililing'ata moja nikajua ni bichi, nikawapakulia. Unga mweupe ulikuwa majivu, na nilijua ni majivu.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Lwakatare, ambaye hata msibani hakosi neno, alitema mate pembeni.

"Mke wangu ulimshikilia wewe kwenye pikipiki," akasema. "Umemshikilia, na unajua."

"Nilijua."

"Pika. Kisha utakula wewe kwanza, sisi tukiangalia."

Nikapika. Yalitokota mpaka povu likazima upande mmoja wa moto, nami nikachochea tena. Yalipopondeka kwa vidole ndipo nikatia ndizi. Nikala sahani nzima nimesimama, peke yangu, watu wamekaa. Walinisubiri mpaka jua likapita utosini, kisha mmoja mmoja wakachota. Magdalena hakuchota.

Nilimpelekea Ma Kokuberwa sahani, nimeifunika kwa jani. Alikuwa amekaa mlangoni. Nikapiga magoti, jambo ambalo mwanamume wa umri wangu hulifanya kwa wachache, nikamwambia yote tena. Alichukua harage moja, akalibonyeza. Likapondeka. Akajifuta kidole kwenye nguo.

"Sasa umejua," akasema. "Mama yako alijua akiwa na miaka saba."

"Nisamehe, Ma."

"Sahani rudi nayo. Nimeshakula."

Jikoni kwake hapakuwa na moshi, na mafiga yalikuwa baridi.

"Jumapili," akasema nilipokuwa nainuka, "nitakuwa na beseni jingine. Sitalibeba mimi."

Jumapili nililibeba. Alitaka niliweke kichwani kama yeye, nami nikaliweka, mwanamume mzima, mbele ya kigango chote. Yeye alitembea mbele yangu na fimbo yake, na mwendo wake ni wa polepole, kwa hiyo kila mtu alipata nafasi ya kunitazama vizuri. Hakuwa ameyaosha maharage. Majivu yalikuwa yakinidondokea usoni, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika beseni.

Mzee wa kanisa alilipokea akamtazama yeye, si mimi. Kisha akaliweka mbele, kati ya mkungu wa ndizi na debe la mahindi. Ma Kokuberwa alisubiri mpaka mkono wa yule mzee ulipoachia beseni. Ndipo akageuka kurudi kwenye benchi lake. Magdalena alikuwa ameshakaa pale, akamshikia fimbo.

Kwangu hakugeuka. Kahawa imekwisha, mvua za vuli zimeanza, na bado ninaposalimia kwenye uzio anaitikia salamu ya Evelyne tu.