Ratiba ya Yokohama

Kutoka jiko la Naomi hadi baraza ya baba mkwe wake ni hatua kumi na moja. Ujumbe wa simu, hata hivyo, haujui njia ya mkato. Hupanda kwanza mnarani, ukazunguka unakokujua wenyewe, kisha ukashuka uani palepale, kijijini Mwaya, na kumkuta Mzee Andrea ameketi, miwani puani, akiungoja.

"Siku ya tatu asubuhi," ulisema ujumbe wa siku hiyo, "Baba utakwenda na Jubilate kutazama meli. Mimi nitabaki chumbani. Mtakaporudi mchana nitakuwa nimeshatoka."

"Utakwenda wapi?" aliandika Mzee Andrea kwa kidole kimoja.

"Mtaa wa Wachina. Wanauza maandazi ya mvuke."

"Sawa. Usipotee."

Kwa miaka saba ya ukamwana katika nyumba ile, Naomi hakuwahi kuutazama uso wa Mzee Andrea, wala mzee hakuwahi kuutazama wake. Hapakuwa na ugomvi. Wanyakyusa huita jambo hilo ukutila, yaani kuogopa, na hofu yenyewe ni heshima: mkamwana akisikia kikohozi cha baba mkwe njiani, huacha njia. Siku hizi wengi wamelegeza kamba. Wapo wazee wa kanisa wanaokula meza moja na wake za wana wao, na dunia haijapinduka. Mzee Andrea hakuwa miongoni mwao, na Naomi, mwalimu, mzaliwa wa Katumba Songwe, aliingia nyumba ile akilijua hilo. Alimfahamu baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa kandambili za bluu alizoziacha mlangoni, na kwa redio aliyoifungua saa moja kamili.

Zamani maneno yao yalipitia kwa mama mkwe, Bibi Anyelwisye, ambaye aliyapunguza au kuyatia chumvi kadiri alivyoona inafaa. Simu za kisasa zilipoingia nyumbani, bibi huyo alipoteza kazi, wala hakufurahi. Lakini kwa kuwa wahenga hawakuikataza simu, hakuna aliyeweza kusema ni kosa.

Jubilate, mwana wa nyumba na mume wa Naomi, alikwenda Japani kusomea ufundi wa magari mwaka mmoja baada ya harusi. Masomo yakaisha, kazi ikapatikana, na sasa alikagua magari yaliyotumika kabla hayajapakiwa melini pale Yokohama. Miaka sita alikuwa hajarudi. Safari hii mwajiri wake alikubali kumdhamini awaalike baba na mke wakati wa sikukuu za mwisho wa Aprili, na yeye akapewa likizo ya siku tisa. Ombi la viza lilitaka ratiba ya kila siku: mtalala wapi, mtakwenda wapi, lini. Kazi hiyo akapewa Naomi, maana mwalimu na ratiba ni chanda na pete.

Akaifanya kwa bidii, na kwa raha pia. Alizisoma picha za mji ule mpaka akauzoea: gurudumu kubwa linalowaka taa, maghala ya matofali mekundu, bustani iliyo kando ya bandari, vivuko vinavyoingia na kutoka bila kupumzika. Mzee Andrea naye aliuliza mambo ya bandari tu. Alikuwa karani katika bandari ya Itungi, Ziwa Nyasa, kwa miaka ishirini na miwili, enzi ambazo meli ikipiga honi watu walikimbia, na alitaka kuona tena bandari yenye watu wengi kuliko ndege korongo.

Ratiba ikakamilika kurasa nne. Ndani ya ndege, baba safu ya kumi na nne, mkamwana ya thelathini na nane. Baba akiingia chumbani, mkamwana yuko nje. Mkamwana akirudi, baba yuko bandarini. Kwa siku tisa, katika mji wa mamilioni ya watu, wawili hao wasingekutana hata mara moja. Naomi aliipitia mara tatu kutafuta kasoro, asiione, akaituma kwa mumewe akiwa anajisifu moyoni.

Jubilate alipiga simu kesho yake.

"Naomi, hii ni ratiba ya watu waliogombana."

"Nani kagombana?"

"Bosi wangu ndiye kaniuliza. Eti, 'Baba yako na mkeo wana kesi?' Nikamwambia wanaheshimiana. Hakuelewa. Anasema ratiba ya namna hii hatii sahihi, ubalozini watadhani tunaficha jambo. Halafu chumba changu kina mlango mmoja, mke wangu. Nikifuata karatasi yako, kila mmoja ananipata nusu, na mimi silali. Chagueni. Mmoja aje sasa, mwingine mwakani. Nataka jibu kabla ya Ijumaa."

Mwakani. Ni neno jepesi kwa mwenye umri wa kungoja. Mzee Andrea alikuwa na miaka sabini na sita, na mwezi wa kumi aliokotwa shambani, chini ya miti ya kokoa, mdomo umekwenda upande. Uso ulirudi, lakini mkono wa kushoto haukurudi wote. Naomi alikuwa na thelathini na nne. Juzijuzi, akikunja shati la mumewe lililobaki kabatini, alilinusa na kugundua kuwa halina harufu ya mtu yeyote. Alikaa kitandani akalia, kwa sababu hakukumbuka tena harufu hiyo ilikuwaje.

Usiku ule hakulala vizuri. Alfajiri akaandika: "Baba, nenda wewe. Mimi bado nina miaka." Akatuma. Kabla hajaiweka simu, ikatetemeka: "Mkamwana nenda. Mimi nimeshaona meli." Jumbe mbili zilikuwa zimepishana njiani.

Bibi Anyelwisye, aliyesomewa zote mbili, alipiga makofi ya mshangao.

"Kyala, Mungu wangu! Kwa hiyo nyote mmebaki. Basi niende mimi na magoti haya!"

Hakuna aliyecheka. Kwa siku mbili hakuna ujumbe uliovuka. Kikohozi kilisikika barazani, masufuria yakasikika jikoni, na yule bibi akatembea katikati yao akiwa hana la kupeleka, jambo lililomchosha kuliko magoti.

Alhamisi asubuhi simu ya Naomi ililia: ujumbe wa Mzee Andrea.

"Nitumie tena picha ya ile bustani ya bandarini."

Akaituma. Ilikuwa picha ya kawaida: mabenchi yamepangwa safu moja nyuma ya nyingine, watu wamekaa, meli nyeupe kwa mbali. Dakika nyingi zikapita. Kisha ukaja ujumbe mrefu kuliko wote ambao Mzee Andrea aliwahi kuuandika kwa kidole kimoja.

"Nimehesabu watu kumi na tisa. Hakuna anayemtazama mwenzake. Hata Itungi ilikuwa hivyo. Bandarini watu wote hutazama maji. Andika ratiba moja, majina matatu. Siku zote tisa asubuhi, bustani ya bandari. Mimi nitakaa mbele. Chumbani Jubilate atundike pazia, Wajapani hawawezi kukosa pazia."

Naomi alikuwa bado anausoma aliposikia viti vinaburutwa. Bibi Anyelwisye alikuwa amerudishwa kazini. Alivitoa viti vitatu vya plastiki akavipanga uani, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikielekea upande wa ziwa, ambalo halionekani kutoka pale kwa sababu ya migomba. Kisha akaja mlangoni pa jiko.

"Tata, baba mkwe wako, anasema mjaribu kwanza. Yeye keshakaa. Hageuki."

Naomi alifunga khanga vizuri, akatoka. Miguu yake, iliyozoea kukimbia upande mwingine, haikumtii upesi. Kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Akaketi cha nyuma, na kwa mara ya kwanza akainua macho. Aliona kisogo cha mzee chenye mvi, shingo nyembamba kuliko kikohozi chake, na masikio mawili yaliyochomoza kidogo juu, kama ya Jubilate, sawasawa. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta, kwa kuwa hapakuwa na wa kuyaona.

Kiti cha katikati, cha Jubilate, kilikuwa kitupu. Mzee Andrea alipeleka mkono nyuma, ule wa kushoto usiotii vizuri, akakipapasa mpaka akakipata, akauacha hapo.

Naomi alitoa simu ili aandike. Lakini sauti ikamtangulia, sauti ambayo kwa miaka saba aliisikia ikisema na wengine tu.

"Meli ya kwanza inaingia saa ngapi?"

Aliitazama ratiba, ingawa aliijua kwa moyo.

"Saa tatu, baba."

Mzee Andrea akaangalia saa yake. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Basi hatujachelewa," alisema.