Kofia za Nyapara Eustace

Ghala la mpunga la Kibaoni nililijenga mimi. Sawa, sikuweka tofali hata moja. Nilikuwa napika uji wa mafundi, na uji wenyewe ulikuwa na mabonge. Lakini bila uji hakuna fundi anayepanda jukwaani, kwa hiyo naomba nisinyang'anywe ghala langu.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu wamehamia vijijini majuzi tu. Kampuni iliyopewa kazi ilituletea vitu viwili kwa lori moja: saruji na kofia ngumu za manjano. Saruji tuliitumia. Kofia, nyapara wetu Eustace alizibeba kwake, nyuma ya ghala.

"Nikiwapa nyie zitachakaa kabla wakubwa hawajaziona," alisema. Kwake kitu cha wageni ni cha wageni, kama vikombe vya kabatini.

Mkewe Dafrosa, rafiki yangu, hapendi kuona kitu kimekaa bure. Siku nilipokwenda kuomba chumvi nilizikuta kofia bandani, amezifukia nusu ili zisipinduke, ametandika majani makavu ya mpunga, na kila kofia ina kuku wake.

"Zinashika joto," akaniambia.

Karibu na Pentekoste ndoo ya saruji iliyokorogwa ikadondoka. Jukwaa letu lilikuwa miti iliyofungwa kwa kamba za magome, na kamba hizo zikikauka sana hukatika bila kuaga. Ndoo ilimshukia kichwani mdogo wangu Apolinari, fundi mwashi. Akapelekwa hospitali Mpanda hajitambui. Alipozinduka tulimshukuru Mungu, ila watoto wake walikuwa wameshahamia jikoni kwangu, na wanakula kama mafundi.

Tukasikia mkaguzi wa usalama kazini anatoka Sumbawanga kuuliza habari za ajali. Kama ataandika kwamba Apolinari alijiumiza kwa uzembe wake, basi akitoka hospitali hana kazi.

Siku ya kufika kwake, asubuhi, kofia zikatolewa bandani, zikaoshwa harakaharaka, zikagawiwa. Nyanda, kibarua wa zege, akainusa yake.

"Nyapara, hii yangu ilikuwa inakaa na nani?"

"Vaa."

"Navaa. Nauliza tu nije nimshukuru."

Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alitikisa jukwaa kwa mkono, akatazama kamba. Eustace akajigonga kofia kichwani ikalia.

"Mzee, hii niliyovaa ndiyo ya Apolinari. Kila asubuhi nampa, kila asubuhi anakataa. Ati inamwasha. Hata siku ile nilimpa kwa mkono wangu huu."

"Kwa hiyo uzembe ni wake."

"Wake kabisa. Mtu wa hivyo hafai kurudi kazini."

Mkaguzi akatoa kalamu. Mimi nilikuwa napakua uji. Ningesema, lakini neno la mpishi mbele ya nyapara ni mvuke tu, na Dafrosa angeona nimeuza siri ya banda lake. Nikasema, "Wazee, uji tayari. Kwanza tusali, tumwombee na mgonjwa."

Kwetu Mpimbwe, mwanamume kusali na kofia kichwani ni sawa na kuingia kanisani na mbwa. Wote wakavua. Eustace akaiweka yake chini, mdomo juu. Mimi nilitaka tu mkaguzi afumbue macho aone manyoya kwenye nywele za nyapara, kwa hiyo sikuwa na haraka. Nikaombea wagonjwa, nikaombea marehemu, nikaombea mvua. Nilipofika kwenye magurudumu ya Landrova ya mgeni, kuku mweusi akatokea pembeni mwa ghala, shingo mbele, kama mtu aliyepoteza kitu tangu asubuhi. Akapita katikati ya miguu ya mafundi, akapanda kwenye kofia ya Eustace, akajizungusha, akajitandaza, akatulia.

"Amina," akasema Nyanda.

Mkaguzi aliinama akamtazama kuku. "Anaifahamu hii kofia?"

"Hapana, mzee. Hata simjui. Kuku wa jirani huyo, anazurura."

Hajamaliza, Dafrosa akaja mbio, mayai ameyafunga kwenye kanga.

"Baba Getrude," akamwambia mumewe, "kumbe amekufuata huku? Basi mwache hapohapo, nimeleta mayai yake, yanapoa." Akapiga goti, akaanza kuyasukuma chini ya kuku moja moja.

"Mama," mkaguzi akauliza, "analalia humo tangu lini?"

"Humohumo, bwana, tangu Kwaresima. Hii ya leo ni mara yake ya pili kuatamia. Ukimwekea chungu anakataa."

Eustace akanyoosha mkono kuchukua kofia yake. Kuku akamdonoa.

Mkaguzi akafunika kalamu, akapokea bakuli lake la uji, akakaa kwenye tofali.

"Hebu nieleze tena, nyapara," akasema. "Siku ile ulipompa Apolinari kofia, kuku ulimweka wapi?"