Kidole Chekundu

Mama Vigae alichovya sponji kwenye ndoo, maji ya mwisho nyumbani, akaendelea kulowesha karatasi iliyofunika ukuta. Kwa mwezi mzima majirani walikuwa wamegundisha vipande vya vigae na sahani kifudifudi juu ya karatasi hiyo, sakafuni chumbani kwake, kisha wakaibandika ukutani kwa saruji. Mtaa mzima ulichangia sahani zilizovunjika. Ndoa kadhaa zilichangia kwa moyo mkunjufu.

Karatasi ikabanduka. Ikatokea picha ya mwanamke mwenye ndoo kichwani, ananyoosha kidole.

Wifi yake, aliyeshika ngazi, akaguna. "Wifi, huyu anaonyesha wapi?"

"Bombani."

"Bomba si liko kule?"

Mama Vigae akashuka. Kinachogundishwa kifudifudi hugeuka, kulia kukawa kushoto. Maisha yake yote alibandika maua ya bafuni, na maua hayaonyeshi mtu. Kidole chekundu kiliacha bomba lililokauka, kikaelekea ng'ambo ya barabara, kwenye tangi juu ya paa la ofisi ya mtaa, lililokuwa likifurika kama kawaida yake.

"Hata ungekusudia usingelenga hivi," wifi akasema. Akacheka. Akaacha ghafla.

Fundi viatu mmoja aliwahi kuulizia tangi hilo mkutanoni, kwa adabu zote. Kesho yake kibanda chake kilikuwa kuni. Cha Mama Vigae kilikuwa hapo hapo chini ya ukuta, na vifaa vyake vyote ndani.

Afisa wa mtaa alivuka barabara akiruka dimbwi la maji ya tangi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Picha imegeuka tu."

"Imegeuka yenyewe! Toa hicho kidole, au nitoe kibanda."

Mama Vigae alipanda na patasi. Vipande vyekundu vikaanguka kimoja kimoja. Wenye ndoo tupu walisogea kutazama. Chekundu kilipokwisha, kidole kilibaki kimechimbika kwenye saruji, cheupe, kikionekana hadi mwisho wa barabara.

"Ziba hilo shimo!" Afisa akafoka.

Mama Vigae alitazama mfuko wa saruji kavu, kisha ndoo yake.

"Nikoroge kwa maji yapi, mzee?"

Mtaa wote ukasikia tangi likimwagika.